Faili Linapogoma Kufunguka

Korosho zikishaanza kuingia maghalani mwezi Oktoba, na minada ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ikishaanza kutoa bei, maisha ya wilaya hizi za mkoa wa Lindi hubadilika mwendo. Wakulima wakilipwa, harusi huongezeka, pikipiki mpya hujaa barabarani, na studio ndogo za muziki hupata wateja. Kwaya inataka kurekodi albamu. Kijana wa singeli amekuja na mistari yake. Mashabiki wa Namungo wanataka wimbo wa timu yao, iliyoipeleka Ruangwa Ligi Kuu mwaka 2019.

Msimu huohuo ndio unaomleta mteja wa siku nyingi. Ana wimbo aliourekodi miaka kumi na mitano iliyopita na sasa anataka utoke upya: sauti yake iachwe vilevile, biti ibadilishwe. Prodyuza anachomeka diski ya zamani. Folda ipo, na jina la wimbo lipo. Anabofya mara mbili, na kompyuta inamjibu kwamba haina programu ya kulifungua faili hilo.

Faili lenyewe huwa zima kabisa. Kilichoondoka ni programu iliyolitengeneza, na nyuma ya kuondoka huko mara nyingi kuna mkataba uliosainiwa mbali sana na Lindi. Mfano ulio karibu ni Cool Edit Pro, programu iliyozoeleka mno katika studio ndogo na vituo vya redio mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ilikuwa nyepesi, ilikubali kompyuta dhaifu, na toleo lake la pili liliweza kubeba traki 128. Mei 2003 kampuni iliyoitengeneza, Syntrillium ya Arizona, Marekani, iliiuza kwa Adobe kwa dola milioni 16.5. Miezi michache baadaye jina la Cool Edit likafutwa, ikaitwa Audition.

Jina si kitu. Pigo lilikuja mwaka 2011, Adobe walipoiandika Audition upya kutoka mwanzo. Toleo hilo jipya halikuweza kufungua mafaili ya sesheni ya zamani, yale yanayoishia na herufi "ses". Njia ilibaki moja: kulifungua faili kwenye Audition 3 ya mwaka 2007, kulihifadhi upya kwa mfumo wa maandishi uitwao XML, kisha kulihamishia kwenye toleo jipya. Mwenye Audition 3 alivuka. Ambaye kompyuta yake ya zamani ilikuwa imeshakufa alibakiwa na mafaili tu.

Ili kuelewa kwa nini faili zima linaweza kukosa faida, inabidi kutazama ndani yake. Wengi hudhani sesheni ina sauti. Haina. Ina maelekezo: chukua sauti iliyo kwenye folda fulani, ianze sekunde ya 12, ishushwe kidogo, ipelekwe upande wa kushoto, ipewe mwangwi kiasi hiki. Ni kama karatasi ya mpishi isiyo na unga wala nazi. Maelekezo hayo kila kampuni huyaandika kwa lugha yake, na lugha hiyo ni mali yake.

Sauti yenyewe hukaa pembeni, katika mafaili ya WAV, na hapa ndipo penye matumaini. WAV ni mfumo uliotolewa na Microsoft na IBM mwaka 1991, na karibu kila programu ya sauti duniani inausoma. Ndani yake mna namba tu. Kwa kawaida kompyuta hupima wimbi la sauti mara 44,100 kwa kila sekunde na kuandika kila kipimo. Idadi hiyo ina sababu yake: sikio la binadamu husikia mitetemo isiyozidi kama 20,000 kwa sekunde, na kanuni za hesabu zinadai vipimo zaidi ya mara mbili ya hapo ili wimbi liweze kurudishwa kama lilivyokuwa. Namba hizo hazina mwenyewe. Zitasomeka leo, na zitasomeka na programu ambayo bado haijaandikwa.

Nachingwea wanajua kitu kinapokatwa kwa uamuzi wa mbali. Mji huu ulikua kutokana na mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Uwanja wa ndege ulijengwa, reli ikalazwa, na Januari 1951 London ikauvunja mradi. Miaka ya mwanzo ya 1960 reli nayo ilifungwa, mataruma yakang'olewa. Lakini bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga zile, ipo hadi leo na inapakia korosho, kwa sababu bandari hupokea meli ya yeyote na mzigo wowote. WAV ni bandari ya namna hiyo. Sesheni ni reli.

Wala kununua leseni halali si kinga kamili. Mwaka 2016 wenye programu ya SONAR ya Cakewalk, iliyokuwa mikononi mwa kampuni ya magitaa ya Gibson, waliuziwa haki ya kupata maboresho maisha yote. Novemba 2017 Gibson walitangaza kusitisha uundaji wake. Maisha hayo hayakufika miaka miwili. Februari 2018 BandLab ya Singapore iliinunua na kuigawa bure, watu wakapumua. Mwaka 2023 wakaambiwa kwamba nayo ingeondolewa kupisha programu nyingine. Kwa studio inayotumia nakala iliyochakachuliwa, kama zilivyo nyingi, hali ni mbaya zaidi. Siku Windows ikibadilishwa, nakala hugoma kuingia, na hakuna wa kupigiwa simu.

Wapo walioyakabili haya kwa kukataa kuhama. Vikundi vya mchiriku vya Dar es Salaam, Jagwa Music wakiwemo, vilijenga muziki mzima juu ya vinanda vidogo vya Casio, na viliviheshimu vinanda hivyo kwa kuvitengeneza na kuvitumia miaka na miaka. Kwa kinanda inawezekana, maana fundi redio anaweza kubadilisha waya. Programu haina waya. Hata hivyo ushauri ulio bora kuliko wote ni wa aina hiyohiyo: kompyuta ya zamani isiuzwe, isigawiwe mtoto, na isiunganishwe na intaneti mpaka kila wimbo uwe umetolewa ndani yake.

Kuutoa wimbo ni kazi ya mikono na inataka subira. Tuchukue wimbo wa kwaya wenye traki 20. Kila traki hufunguliwa peke yake na kutolewa kama WAV kuanzia sekunde ya sifuri, hata kama sauti ya tatu inaingia dakika ya pili. Ukimya wa mwanzo usikatwe, kwa sababu huo ndio unaozifunga traki zote pamoja. Zikipangwa mstari mmoja kwenye programu yoyote mpya, zitaanza pamoja na kwisha pamoja. Kwa ubora wa biti 24 na vipimo 48,000 kwa sekunde, traki moja ya dakika nne ina megabaiti 35 hivi. Wimbo mzima unafika 700. Flashi ya gigabaiti 64 inabeba nyimbo zaidi ya 80 za ukubwa huo.

Kinanda kina mtego wake. Nota zilizopigwa kwa MIDI, mfumo uliozaliwa mwaka 1983, zinahamishika kwa urahisi, ila MIDI hukumbuka kidole tu: nota namba 60, nguvu 90 kati ya 127, imeshikwa kwa muda gani. Mlio wenyewe unatoka kwenye plagini, yaani programu ndogo inayochomekwa ndani ya programu ya kurekodi. Plagini isipohamia, filimbi inaweza kugeuka piano. Kwa hiyo kinanda kitolewe mara mbili, nota kwa MIDI na mlio kwa WAV, na kasi ya wimbo iandikwe. Wimbo wa mapigo 98 kwa dakika, ukiingizwa kwenye programu iliyowekwa 120, nota zake zitakimbia huku sauti za waimbaji zikibaki nyuma.

Kwa ngoma za asili, WAV ndiyo njia pekee. Mpigaji wa ngoma ya jando hafuati saa ya kompyuta. Huongeza mwendo wachezaji wakichangamka na kuupunguza wakichoka, na uhai wa ngoma uko hapo hapo. Mtu akijaribu kuinyoosha ngoma hiyo ifuate mistari ya programu mpya, ameiua. Nyimbo za Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde zilizorekodiwa katika studio hizi huenda hazina nakala katika maktaba ya kanda za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo iko chini ya TBC. Nyingi ziko kwenye diski moja, juu ya kabati moja, na baadhi ya waliozipiga wameshafariki.

Kazi hii inafaa kufanywa kiangazi, kabla korosho hazijaanza kuanguka, wateja wakiwa wachache na kompyuta ya zamani ikiwa bado inawaka. Folda ipewe jina la wimbo, mwaka na kijiji. Ndani yake liwepo faili fupi la maandishi lenye maneno ya wimbo, kasi, na majina ya waliopiga. Kisha traki zenyewe, kila moja na jina ambalo mgeni atalielewa bila kuuliza: 01_sauti_ya_kwanza, 02_makofi, 03_ngoma_kubwa. Nakala moja ibaki studio, nyingine aende nayo mwalimu wa kwaya.