Muziki wa usiku bila ugomvi: Kagua tundu la hedifoni kabla ya kununua priampu

Saa nne usiku ndiyo saa ya ugomvi katika nyumba nyingi. Baba anataka taarabu yake, mtoto wa kidato cha nne anajisomea, mdogo amelala, na mpangaji wa chumba cha pili ameshagonga ukuta. Kama nyumbani mna seti ya muziki, njia mojawapo ya kuleta amani ni priampu yenye amplifaya nzuri ya hedifoni ndani yake.

Priampu hukaa kati ya chanzo cha muziki, kama deki ya CD au televisheni, na amplifaya inayoendesha spika. Kazi yake ni kuchagua chanzo na kupandisha au kushusha sauti. Ikiwa na tundu la hedifoni, ndani huwa na njia nyingine ya kuendesha hedifoni. Baadhi ya watengenezaji huifanyia kazi vizuri, wengine huiweka kama nyongeza tu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Wauzaji wengi watakusifia nguvu. Lakini mashine ya usiku hupimwa kwa namna inavyosikika ikiwa sauti iko chini. Ikisikika vizuri hapo, hutakuwa na sababu ya kuongeza.

Namba za kuuliza

Ya kwanza ni ukinzani wa hedifoni zako, unaopimwa kwa omu. Nyingi za kawaida zina omu 16 hadi 32. Za studio huwa na zaidi: Beyerdynamic DT 770 Pro ipo ya omu 80 na ya omu 250, na Sennheiser HD 600 ina omu 300.

Ya pili ni ukinzani wa tundu lenyewe la priampu. Kanuni inayotumika sana ni kwamba usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni. Kwa hedifoni ya omu 32, tafuta tundu lisilozidi omu 4. Ukizidi sana, besi inaweza kuvimba na kufunika maneno ya mwimbaji, nawe utaongeza sauti ili uyasikie.

Ya tatu ni nguvu, lakini kwa ukinzani wa hedifoni yako. Nguvu iliyoandikwa kwa omu 32 haikuambii mashine itaiendeshaje hedifoni ya omu 300.

Jaribu dukani

Nenda na hedifoni zako na wimbo unaoujua vizuri. Kwanza, chomeka hedifoni bila kuwasha wimbo, pandisha sauti hadi nusu, kisha sikiliza. Ukisikia mvumo au mchakacho, usiku utausikia zaidi. Rudisha sauti chini kabisa kabla ya kuwasha wimbo, la sivyo utaumiza masikio.

Pili, washa wimbo kwa sauti ya chini sana. Mwimbaji abaki katikati. Akihamia sikio moja, kidhibiti cha sauti hakilingani pande zote mbili, na kasoro hiyo hujitokeza hasa sauti ikiwa chini, yaani pale pale utakapoitumia.

Tatu, chomeka hedifoni spika zikiwa zinalia. Je, zinanyamaza zenyewe, au kuna swichi ya kuzizima? Kama hakuna, utakuwa umenunua mashine ambayo bado itaamsha nyumba.

Ukinunua iliyotumika, geuza nyuma usome volti. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, na za Marekani volti 120, wakati umeme wetu ni volti 230. Bila transfoma ya kushusha umeme, unaweza kuiunguza siku ya kwanza.

Masikio na walezi

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi saa 40 kwa wiki kwenye sauti ya desibeli 80, na mtoto desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Kila ukiongeza desibeli 3, muda salama hupungua kwa nusu: kwenye desibeli 83 ni saa 20, kwenye 86 ni saa 10. Amplifaya ya hedifoni inaweza kutoa sauti kubwa kuliko simu, kwa hiyo mtoto asiachwe nayo peke yake. Usikivu unaopotea kwa kelele haurudi.

Mkae pia mzungumze kuhusu aina ya hedifoni. Zilizofungwa nyuma hazivujishi sana, zinamfaa anayelala na mwenzake. Zilizo wazi nyuma huvujisha, lakini zinakuwezesha kusikia mtoto akilia au mlango ukigongwa. Mwenye mtoto mchanga, hasa kama mwenzake hayupo, afikirie hilo kwanza.

Na kama muziki wako wote unatoka kwenye simu na huna spika za sebuleni, priampu huihitaji. Hedifoni nzuri ya omu 32 inaweza kukutosha, na fedha inayobaki ina kazi nyingine nyumbani. Mwenye seti ya muziki naye asilipe kabla ya kujaribu yale mambo matatu. Muuzaji akikataa usijaribu, nenda duka jingine.