Askari wa Uzio wa Nkongolo

Sogeeni, wanangu, tuupange mchezo wa leo. Mezani pana dadu mbili za ludo, penseli na vifuniko vya chupa. Mmoja wetu atakuwa msimuliaji, na kila mmoja wa wengine atakuwa na shujaa wake. Msimuliaji anaeleza kilichopo, mchezaji anasema shujaa wake anafanya nini, na panapokuwa na shaka kama atafaulu, dadu ndiyo inayoamua. Mchezo wa namna hii ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Vitabu vyake vimejaa mazimwi ya mbali. Sisi wa Katanga hatuna haja ya kuazima adui. Tunaye Nkongolo.

Masimulizi ya Waluba yanamtaja Nkongolo kuwa mfalme mkali, asiyeogopa kumwaga damu. Siku moja akafika mwindaji kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, akapewa dada za mfalme awaoe. Mmoja wao, Bulanda, akamzaa Kalala Ilunga. Kijana alikua hodari wa mbio, wa vita na wa michezo, akawa anamshinda mjomba wake mbele za watu. Nkongolo hakuweza kulimeza hilo. Akaamuru shimo lichimbwe, ndani isimikwe mikuki, juu utandikwe mkeka. Kisha akamwalika mpwa wake aje acheze ngoma. Lakini mpiga ngoma akayageuza mapigo ili amwonye. Kalala akauchoma mkeka kwa mkuki, akaliona shimo, akaruka uzio na kukimbilia ng'ambo ya mto Lualaba.

Nkongolo ndiye adui mkubwa. Mpeni hasira, wivu na siri zake, mfikirieni hata mkiwa njiani kwenda shule. Ila boma lake lina watu wengine ambao masimulizi hayawataji kwa majina: waliochimba shimo, waliolinda uzio, waliotumwa kumkimbiza kijana. Hapo ndipo msimuliaji mchanga hukwama. Kila askari anamwandikia nguvu, kasi, ngao, silaha tatu na ustadi wa kila silaha. Askari wanane wanamjazia daftari zima. Pambano ambalo lingekwisha upesi linakula jioni nzima, na wachezaji wanaanza kupiga miayo.

Askari wa kawaida ninamwandikia mambo matatu: anataka nini, anafanya nini zamu yake ikifika, na anakata tamaa lini. Basi.

Tuwachukue walinzi wa uzio, vifuniko vitatu hapa kwenye ukingo wa meza. Wanataka Kalala asitoke. Zamu yao ikifika, wanaziba njia na kuchoma mkuki: rusha dadu moja, ikitoka 5 au 6 mkuki umempata. Shujaa naye arushe. Akipata 4 au zaidi, mlinzi mmoja yuko chini na kifuniko kinaondolewa. Msihesabu majeraha ya mlinzi, pigo moja linamtosha. Hata watunzi wa Dungeons & Dragons, katika toleo la mwaka 2008, waliwaweka askari wadogo wenye pointi 1 tu ya uhai, ili shujaa mmoja aweze kukabili kundi bila msimuliaji kuzama kwenye hesabu.

Jambo la tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote. Katika toleo la mwaka 1981 lililoandaliwa na Tom Moldvay, kila adui ana namba ya moyo, kuanzia 2 hadi 12. Mwenzao wa kwanza akianguka, na tena nusu yao wakiwa wameanguka, msimuliaji anarusha dadu mbili na kuzijumlisha. Jumla ikiizidi namba ile, waliobaki wanarudi nyuma au wanajisalimisha. Dadu mbili zina njia 36 za kutua. Mwenye moyo wa 7 atakimbia katika njia 15, karibu nusu. Mwenye moyo wa 9 atakimbia katika njia 6 tu. Tazameni sasa: wachimba shimo nawapa 5, kwa kuwa wanachotaka ni kufika nyumbani kabla mfalme hajauliza nani aliyetoa siri. Walinzi wa uzio nawapa 7. Wakimbizaji waliochaguliwa na Nkongolo mwenyewe nawapa 9. Silaha zao ni zilezile, mapigo yao ni yaleyale, ila mezani mtaona watu wa aina tatu.

Na aliyekimbia msimfute. Yuko hai, ameona mambo, ana mdomo. Wachezaji wakimkuta kesho yake porini, aseme nini? Mara nyingi hadithi ya wiki inayofuata nimeipata kwa mlinzi mmoja aliyetupa mkuki wake.

Kuna jambo silikubali mezani pangu: kumfanya mtu adui kwa sababu ya kabila lake. Katanga imeumia vya kutosha kwa mambo hayo. Masimulizi yenyewe yanatufundisha kupanga vizuri zaidi, maana Kalala ni mpwa wa Nkongolo, na aliyemwonya alikuwa akiipiga ngoma ndani ya boma lilelile. Mlinzi anasimama kwenye uzio kwa kuwa mfalme amemweka pale, naye anaweza kubadili nia.

Sasa tugeuze meza. Leo nyinyi ni watu wa Nkongolo, mmefika ukingo wa Lualaba na Kalala ameshavuka. Ameacha agizo kwa wavushaji wa mitumbwi: Nkongolo asivushwe. Masimulizi yanasema mfalme alijaribu hata kujaza mawe mtoni ili apite, akashindwa. Mvushaji hana mkuki wala ngao. Anataka kutimiza agizo, na zamu yake ikifika anausogeza mtumbwi mbali zaidi na ukingo. Moyo wake ni 11. Atakayetaka kumhonga kwa chumvi au kwa shaba, aseme anatoa kiasi gani, kisha arushe dadu zote mbili. Zikitoka sita na sita, mtumbwi unageuka na kuja kwenu. Nani anaanza?