Ruiru 11: Kahawa Fupi kwa Shamba Dogo

Wakulima wengi wa Itumbe wana vipande vidogo vya ardhi, ambapo mahindi, majani chai, migomba na nyasi ya ng'ombe hugombania nafasi. Kwao, kahawa aina ya Ruiru 11 inafaa kufikiriwa.

Kahawa si ngeni kwetu. Kisii ni kati ya sehemu za kwanza ambako serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika kuipanda, miaka ya 1930. Lakini aina za zamani kama SL28 hushambuliwa na CBD, yaani chulebuni, ugonjwa unaofanya beri changa ziwe nyeusi na kuanguka, pamoja na kutu ya majani. Gharama ya dawa hula faida. Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985 na kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru, hustahimili magonjwa yote mawili.

Mti wake ni mfupi na umeshikana. Hupandwa kwa nafasi ya mita 2 kwa mita 2, takriban miti 1,000 kwa ekari; SL28 ni takriban 540 pekee.

Chimba mashimo ya sentimita 60 kila upande miezi mitatu kabla ya kupanda. Mwezi mmoja kabla, yajaze udongo wa juu uliochanganywa na debe moja la samadi iliyooza. Panda mvua ikianza, na uikinge miche dhidi ya jua kali. Miaka miwili ya kwanza unaweza kupanda maharagwe katikati ya mistari. Baadaye, mvua ikinyesha baada ya kiangazi, maua meupe yenye harufu nzuri hufunguka, na beri huiva miezi kadhaa baadaye.

Tahadhari: usioteshe mbegu kutoka kwa mti wa jirani. Ruiru 11 ni chotara, na mbegu zake hazizai miti inayofanana na mzazi. Mkulima anaweza kutunza shamba miaka mitatu ndipo agundue kwamba miti yake ni mirefu na inaugua. Nunua miche kwenye kitalu kilichoidhinishwa, na udai risiti.

Ukiwa na miti ya zamani yenye mizizi mizuri, usikimbilie kuing'oa. Inaweza kupandikizwa kikonyo cha Ruiru 11. Muulize afisa wa kilimo wa wadi yako kabla ya kushika panga.