Kenya: Nani huzilinda nyumba za kaunti na kumbi za mitaa?

Katika mitaa ya Kaloleni, Jericho na Jerusalem, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, wapo wakazi waliozaliwa katika nyumba zilizopangwa na wazazi wao, nao hadi leo huilipa serikali ya kaunti kodi ya nyumba hizo hizo. Si mali yao. Kaunti inapotangaza kwamba mtaa mkongwe utabomolewa ili kupisha majengo ya ghorofa, swali la wapangaji huwa moja: je, tutarudi? Jibu lake hutegemea mno ni nani anayeisimamia kaunti yenyewe.

Urithi wa mabaraza ya zamani

Mitaa mingi ya aina hii ilijengwa wakati wa utawala wa kikoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, haikuwa nyumba tupu. Ilipangwa pamoja na viwanja vya wazi na ukumbi wa kijamii, ambao baadaye ukawa mahali pa mikutano ya siasa wakati wa kudai uhuru.

Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, mabaraza ya miji yalikoma na kaunti 47 zikaanza kazi. Kaunti zilirithi nyumba, kumbi, masoko na viwanja, pamoja na madeni na majalada yenye mapengo.

Katiba yasemaje?

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linagawa kazi hizi. Sera ya makazi ni ya serikali ya kitaifa, lakini nyumba zenyewe, kama sehemu ya mipango na maendeleo, ni jukumu la kaunti. Vivyo hivyo maktaba, viwanja vya michezo na sehemu za burudani.

Kifungu cha 62 kinaongeza jambo zito: ardhi ya umma ya kaunti hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa dhamana, kwa niaba ya wakazi wake, na husimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Kwa hiyo gavana ni mdhamini wa mali hiyo. Hana mamlaka ya kuigawa apendavyo.

Msimamizi wa kwanza wa gavana ni bunge la kaunti. Wawakilishi wadi wana uwezo wa kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi au maelezo, na wanawajibika kuwashirikisha wananchi katika shughuli zao. Naye Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua hesabu za kila kaunti kila mwaka. Udhaifu ni kwamba ripoti ya ukaguzi huja baada ya fedha kutumika, wakati mwingine baada ya mkataba kutiwa saini na nyumba kubomolewa. Aidha, mwakilishi wadi anayepaswa kumhoji gavana ndiye huyo huyo anayemtegemea ili barabara ya wadi yake ijengwe.

Mafunzo ya Pangani na Buxton

Huko Pangani, Nairobi, kaya 48 zilihama ili mwekezaji binafsi ajenge maghorofa kwa ubia na kaunti. Huko Buxton, Mombasa, nyumba za kale zilibomolewa mwaka 2021 kwa mpango unaofanana na huo. Katika miradi yote miwili, wapangaji walipewa fedha za kuhamia kwingine wakisubiri ujenzi. Mabishano hayakuhusu ubora wa majengo mapya. Yalihusu maandishi: nani yumo katika orodha ya watakaorudi, atanunua kwa bei gani, na mkataba unasema nini ikiwa ujenzi utachelewa.

Mahakama nazo zimetoa mwongozo. Mnamo Januari 2021, katika kesi ya wakazi waliobomolewa kijiji cha Mitumba, Nairobi, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba watu wasio na ardhi wanaojenga makazi kwenye ardhi ya umma hawapati umiliki wa ardhi hiyo, lakini wanapata haki ya makazi inayostahili kulindwa.

Ukumbi hauna mpangaji

Nyumba ikiguswa, mpangaji hupaza sauti, kwani ana risiti ya kodi na watoto wa kulaza. Ukumbi wa kijamii au uwanja wa watoto hauna mtu wa namna hiyo. Ukifungwa kwa madai ya ukarabati, au ukikatwa kipande kwa ajili ya maduka, kila mtu hupoteza kidogo, na hakuna anayeona kwamba hasara hiyo ni yake hasa. Ndiyo maana mali za pamoja hupotea kimyakimya kuliko nyumba, na ndizo zinazohitaji zaidi jicho la bunge la kaunti.

Mwananchi afanye nini?

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa mwananchi haki ya kuwasilisha ombi kwa bunge la kaunti. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa haki ya kuomba nyaraka, na ofisi husika hupaswa kujibu ndani ya siku 21. Nyaraka za kuombwa ni mkataba wa mradi, orodha ya wapangaji wanaotambuliwa, na ramani inayoonyesha mahali ukumbi na uwanja vitakapokuwa.

Kwa msikilizaji mwenye jamaa katika mitaa hiyo, nasaha ni hii: nyaraka hizo ziombwe kabla tingatinga halijafika. Ahadi iliyotolewa mkutanoni bila kuandikwa ni vigumu kuitetea mahakamani.