Ekonomia: mtoto wetu aisomee wapi, na itatusaidia nini?

Wandugu wanamemba, wengi katika Kailo wakisikia neno "ekonomia" wanafikiri banki na Kinshasa. Lakini ekonomia inaanzia kwenye mupunga wetu. Ni elimu ya kuchagua: tuuze leo ao tungoje? Tuuzie hapa kijijini ao tupeleke Kindu?

Tuchukue mfano. Mwanamemba iko na kilo 100 za mupunga. Kijijini wanamupa faranga 800 kwa kilo, ni 80 000. Kindu bei ni 1 100, ni 110 000. Lakini mwenye kinga anaomba 15 000, na magunia na taksi za njiani zinakula 10 000. Anabakia na 85 000. Faida ya safari ni 5 000 tu, na siku za shamba zimepotea. Wanamemba kumi wakiunganisha mizigo, wanafikisha tani moja: wanaweza kujadili usafiri na bei kwa nguvu zaidi. Mtoto anayefanya hesabu hii ameanza ekonomia.

Njia ya masomo

Nyuma ya darasa la 8, mwanafunzi anachagua humanite za miaka 4. Opsioni ya komersiale na jestion inafundisha kontabilite na mambo ya biashara. Mwenye nguvu ya hesabu anaweza pia kupita kwenye sayansi. Akipata diploma kwa Exetat, anaweza kuomba Chuo Kikuu cha Kindu (UNIKI), bila kwenda mbali. Lisansi ni miaka 3.

Kazi gani?

Kontable, mtumishi wa banki ao wa mikopo, mtu wa takwimu ao wa kodi, mwalimu wa komersiale. Kazi hizo si nyingi, tusidanganye watoto. Lakini kooperative yenyewe inahitaji mtu. Sheria ya OHADA, inayofuatwa Kongo tangu 2012, inaomba kooperative ichunge hesabu na kuzionyesha wanamemba kila mwaka. Kama hatuna mtoto wetu anayejua, tutasaini buku tusizozielewa.

Tufanye nini sasa?

• Siku ya kupima mupunga, tuite wanafunzi, wasichana na wavulana, waandike kilo na bei.
• Tuwape buku moja ya bei za soko, wiki kwa wiki. Nyuma ya miezi sita, watueleze ni wakati gani bei ilipanda, na kwa nini.
• Kabla ya kuchagua opsioni, mzazi aulize prefe wa masomo: iko hapa? Gharama ni ngapi?

Mtoto aliyeona faida ya hesabu hataacha masomo haraka kwa kukimbilia machimbo.