Kanada: Watafiti wa michezo walipolazimika kuketi kwenye duara la wazee

Kijana anaondoka kwao akiwa na miaka 15 ama 16. Amechaguliwa kucheza hoki, ule mchezo wa kwenye barafu ambao kwa Wakanada ni kama mpira wa miguu kwa Wakongo. Mjini anapewa kitanda katika nyumba ya familia asiyoijua, anaanza shule ambako hakuna anayezungumza kama bibi yake, na jioni anakwenda mazoezini. Miezi michache inapita, amerudi nyumbani. Kocha mmoja anasema hakuwa na nidhamu, mwingine anasema hakuwa na moyo wa ushindi.

Habari kama hiyo inajulikana sana kati ya wenyeji asilia wa Kanada, watu waliokuwa wakiishi huko kabla Wazungu hawajafika. Na kwa miaka mingi wataalamu wa saikolojia ya michezo hawakuwa na jibu bora kuliko lile la kocha. Elimu yao, inayochunguza yanayopita katika akili na roho ya mchezaji, ilijengwa hasa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na wengi walioulizwa maswali walikuwa wachezaji Wazungu. Mchezaji alifundishwa kujiwekea shabaha yake, kutuliza hofu yake, kujisemea maneno ya kumpa nguvu yeye mwenyewe. Mtu aliyelelewa akijua kwamba ushindi wake ni wa ukoo mzima, na aibu yake vilevile, hakuwa na nafasi katika hesabu hiyo.

Mabadiliko yalikuja kwa sehemu kubwa kutoka Wikwemikong. Hii ni jamii ya Waanishinaabe, yenye mchanganyiko wa Waojibwe, Waodawa na Wapotawatomi, kwenye kisiwa cha Manitoulin katika ziwa Huron, jimbo la Ontario. Kisiwa hicho ndicho kikubwa kuliko vyote vilivyo ndani ya maziwa ya maji baridi duniani. Wakaaji wa Wikwemikong wanajivunia jambo lingine pia: hawakuwahi kutia sahihi ya kuitoa ardhi yao kwa serikali, na hata jina rasmi la eneo lao linasema hivyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Robert Schinke, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Laurentian katika mji wa Sudbury, alikuwa akichunguza jinsi wanamichezo wakubwa wa asili walivyoweza kuzoea maisha ya mjini na ya timu za taifa. Kazi hiyo ilimkutanisha na watu wa Wikwemikong. Hao hawakutaka kuwa watu wa kuhojiwa tu. Walikuwa na swali lao: kwa nini vijana wao wanaacha michezo, na nini kifanyike ili wabaki?

Kutoka hapo utaratibu ukageuka. Maswali yalipitishwa kwanza kwa watu wa jamii, wakiwemo wazee. Mahojiano ya mtu mmoja mbele ya mgeni mwenye kinasa sauti yalipungua, na badala yake wakaketi kwenye duara kama ilivyo desturi yao: kila mmoja anasema kwa zamu, hakuna anayemkatiza mwenzake, na anayeongoza ni mtu wa jamii. Maprofesa nao waliketi humo. Ripoti zilipochapishwa, wakaaji waliandikwa kama waandishi pamoja na watu wa chuo. Kati yao alikuwa Duke Peltier, ambaye baadaye alichaguliwa kuwa chifu wa Wikwemikong.

Kwa nini taabu yote hiyo? Msomaji wa Kivu ama Ituri aliyewaona watu wa fomu wakija na kuondoka pasipo kurudi hata mara moja, anaweza kukisia. Ila Kanada kuna jambo zito zaidi. Kati ya mwaka 1942 na 1952, watafiti wa serikali waliwatumia wenyeji asilia kwa majaribio ya chakula, wakiwemo watoto wapatao 1,000 waliokuwa katika shule za bweni. Watoto wengine waliachwa na njaa makusudi ili wataalamu wapate kulinganisha. Habari hiyo ilifahamika na watu wengi mwaka 2013 tu, kupitia mwanahistoria Ian Mosby. Katika jamii kama hizo, neno “utafiti” linanuka.

Na michezo yenyewe si safi. Watoto karibu 150,000 walipitishwa katika shule hizo za bweni, ambako lugha zao zilikatazwa na wengi waliteswa. Mwaka 1951, timu ya hoki ya shule ya Pelican Lake, iliyoitwa Black Hawks, ilipelekwa Ottawa na Toronto, na wapiga picha wakaifuata kila mahali. Katika picha hizo wavulana wanatabasamu, wamevaa vizuri. Zaidi ya nusu karne baadaye, Janice Forsyth na watafiti wenzake walizirudisha picha hizo kwa waliokuwa wachezaji, wazee sasa, wakawaomba wasimulie wenyewe. Picha zilitengenezwa ili Kanada ione shule nzuri. Wazee walieleza yaliyobaki nje ya kamera. Hata hivyo hawakuukana mchezo wenyewe. Barafuni ndipo walipopata kupumua kidogo.

Utafiti wa Wikwemikong nao uligundua kwamba maneno peke yake hayatoshi. Kijana wa miaka 17 akiulizwa na mtu mzima “ulijisikiaje?” atajibu “vizuri”, hapo ndipo mazungumzo yanapoisha. Kwa hiyo katika kazi iliyochapishwa mwaka 2013, Amy Blodgett na wenzake, watu wa chuo na wa jamii pamoja, waliwapa vijana waliohama kwa ajili ya michezo karatasi yenye duara, na rangi. Chora chochote kuhusu kuhama kwako. Duara kwa Waanishinaabe si umbo tu, ni namna ya kuelewa uhai wenyewe, kwa hiyo hakuna aliyehitaji maelezo marefu. Baada ya kuchora, mazungumzo yalianza kwenye mchoro, na kijana ndiye aliyekuwa mwenye kujua. Mtafiti alibaki wa kuuliza.

Yaliyotoka katika kazi hizi yanamjibu yule kocha wa mwanzo. Vijana walieleza upweke, chakula kigeni, matusi ya rangi kutoka kwa wapinzani na wakati mwingine kutoka kwa wachezaji wenzao, na mzigo wa kusikia kwamba mtu wa kwao hafiki mbali. Kilichowashika wasianguke mara nyingi kilikuwa mtu: mzazi aliyesafiri kuja kuona mechi, mchezaji mwingine wa asili katika timu, mzee wa kupigiwa simu. Wakati mwingine kijana aliyerudi hakuwa ameshindwa na mchezo, alikuwa ameitikia wito wa nyumbani. Kocha anayeita hilo udhaifu hajui mchezaji wake anaishi kwa nguvu gani.

Serikali pia ilisogea. Tangu mwisho wa 2010, kanuni za taifa za maadili ya utafiti zina sura nzima kuhusu wenyeji asilia, na zinawataka watafiti washirikiane na jamii husika. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule za bweni, ilitoa mwaka 2015 madai 94, na matano kati yake, kuanzia namba 87 hadi 91, yanahusu michezo. Moja linataka wanamichezo wa asili wasaidiwe kwa muda mrefu, siyo kwa msimu mmoja.

Neno hilo la muda mrefu lina uzito wake, na Wikwemikong wanalijua kwa vipimo. Pamoja na Stephen Ritchie, naye wa Laurentian, walianzisha safari ya siku 10 kwa mitumbwi, vijana wakipiga kasia katika maji ya mababu zao, wakilala porini, wakipokezana uongozi. Uwezo wao wa kustahimili magumu ulipimwa kabla na baada. Mwezi mmoja baada ya safari ulikuwa umepanda. Mwaka mmoja baadaye ulikuwa umerudi pale ulipoanzia.

Watafiti wangeweza kuchapisha ule mwezi wa kwanza na kunyamaza. Walichapisha yote mawili. Siku 10 za mtumbwi zinaweza kumwinua kijana. Miezi 11 inayofuata anaishi katika nyumba ileile na shule ileile, na huko hakuna mtumbwi.