Filta Yako Inaeza Kuwa Imededi na Bado Inatoa Maji: Soma Hii Kabla Upande Mlima Kenya

Siku hizi kila msee ni mpanda milima. Jumamosi uko Ngong, wiki ijayo uko Longonot, Jumatatu mapaja yanauma na bado unapost picha. Hiyo ni poa kabisa. Na huko stori ya maji ni rahisi: unabeba chupa zako kutoka mtaani, unamaliza, unarudi.

Ngori huanza siku mbogi inaamua sasa ni Mlima Kenya, siku nne, hema na kila kitu mgongoni. Piga hesabu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukitembea siku nzima unahitaji kama lita tatu, na hapo hujapika. Siku nne ni kilo kumi na mbili za maji peke yake. Hakuna mtu anabeba hiyo. Ndio maana wasee wananunua zile filta ndogo, kama Sawyer au LifeStraw, zenye uzito wa chini ya gramu mia moja. Unateka maji ya mto, unachuja, unakunywa, unasonga.

Sasa hapa ndio watu wengi hukosea. Wanadhani filta ni uchawi, ati maji yoyote yakipita ndani yanatoka safi. Zii. Kuna vitu inashika na kuna vitu inaachilia. Na kuna usiku mmoja wa baridi unaeza kuiua na usijue.

Ndani kuna nini?

Ukipasua filta ya aina hii, utapata mirija midogo sana imejaa ndani, kama tambi za Indomie, lakini kila moja iko na shimo katikati. Kuta za hiyo mirija zina vitundu vingi. Maji yanalazimishwa kupita kwa hivyo vitundu, uchafu unabaki nje.

Vitundu vya Sawyer ni maikroni 0.1, vya LifeStraw ile ya kunyonya ni 0.2. Maikroni moja ni milimita moja ukiigawa mara elfu moja. Bakteria wa E. coli ana urefu wa kama maikroni moja au mbili. Giardia, yule mdudu wa kuharisha anayependa mito ya milimani, ni kama maikroni kumi. Hao wote wanakwama.

Chukulia filta kama baunsa wa klabu ambaye hacheki kitambulisho, anacheki saizi tu. Wanene wote anawafungia nje. Lakini ukiwa mdogo vya kutosha unapita katikati ya miguu yake, hata kama wewe ndio mbaya kuliko wote.

Nani anapita?

Wa kwanza ni virusi. Virusi vya homa ya ini aina ya A ni kama maikroni 0.03. Hivyo vinapita vikipiga mluzi. Virusi vya aina hii hutoka kwa kinyesi cha binadamu, kwa hivyo mto ukishapita kwa makazi ya watu, hii filta peke yake haitoshi.

Wa pili ni kemikali. Dawa za shamba, mafuta, sumu za viwanda, zote zimeyeyuka ndani ya maji na filta haizioni kabisa. Chumvi pia. Hata floraidi, ile inafanya meno yawe ya rangi ya kahawia kwa watu waliokulia sehemu kadhaa za Bonde la Ufa kama Nakuru. Na usidhani ukichemsha utaitoa. Maji yanapungua, floraidi inabaki, unakunywa kitu kali zaidi.

Kuna kitu kingine huchanganya watu. Mwaka wa 2011, filta za LifeStraw Family karibu laki tisa zilipeanwa bure magharibi mwa Kenya. Kama ulikulia pande hizo, labda uliiona imening'inia ukutani kwa nyumba ya shosho. Hiyo ya nyumbani vitundu vyake ni maikroni 0.02, na inashika hata virusi. Ile ya kunyonya kama mrija, ya kubeba safarini, haifanyi hiyo kazi. Jina ni moja, baunsa ni tofauti. Soma pakiti.

So Mlima Kenya iko aje?

Huko juu filta inafiti sana. Ukifuata njia ya Sirimon, ukishapita Old Moses unaingia nyika ya juu, halafu bonde la Mackinder lenye vijito hadi Shipton's. Hakuna mashamba hapo juu, hakuna mji. Hatari kubwa ni wanyama, na wapanda mlima wenzako ambao hawajui choo kinachimbwa mbali na mto. Hiyo ni kazi ya bakteria na Giardia, na hiyo filta inaweza.

Bado usiteke maji popote. Panda juu ya kambi, mahali maji yanatiririka, si chini ambapo watu wanaosha sufuria. Kama mto ni mchafu wa matope, wacha maji yatulie kwa chupa kwanza au yapitishe kwa leso, juu matope ndio huziba filta haraka.

Usiku ambao filta hufa

Hii ndio sehemu nataka usome mara mbili.

Shipton's iko karibu mita 4,200. Usiku huko baridi inashuka chini ya sifuri, na mimi nimeamka nikapata chupa iko na barafu. Sasa, filta ikishatumika hata mara moja, haikauki yote. Ndani ya ile mirija kunabaki maji. Yakiganda yanapanuka, na mirija inapasuka.

Noma ni kwamba hutaona kitu. Filta inakaa vile vile. Asubuhi jua likitoka barafu inayeyuka, maji yanapita kama kawa, pengine hata haraka kuliko jana. Unafurahi. Kumbe sasa mlango uko wazi na baunsa ameenda nyumbani.

Beshte yangu mmoja aliacha yake kwa mfuko wa kando wa begi, nje ya hema. Asubuhi ilikuwa ngumu kama jiwe. Akaishika juu ya mvuke wa chai hadi ikalegea, akaendelea kuitumia siku mbili. Tukashuka, tukarudi Nairobi, kila kitu fiti. Siku kumi baadaye tumbo likaanza. Kuharisha, gesi, kubeua harufu ya mayai yaliyooza. Akalaumu mutura wa mtaani, akameza dawa za kununua tu, haikuisha. Akapoteza kilo kadhaa kabla aende hospitali apimwe choo. Ilikuwa Giardia.

Siwezi apa kwa mahakama kwamba ni ile filta. Lakini Giardia kawaida huchukua wiki moja au mbili kabla ikuonyeshe, na ndio maana wasee huwa hawaunganishi mlima na tumbo. Ukirudi na tumbo ikusumbue, ambia daktari ulikunywa maji ya mto. Hiyo sentensi moja inaeza kukuokolea wiki mzima ya kukisia.

Sheria za kukaa na filta yako

1. Lala nayo. Kabla ya kulala, itikise au ipulize maji yatoke, iweke kwa mfuko wa plastiki unaofungika, ingia nayo ndani ya begi la kulalia. Simu yako inalala hapo ndio betri isiishe, filta pia ina haki.

2. Usiku wa kwenda Point Lenana, chuja maji yote mapema. Watu hutoka kama saa tisa usiku, na huo si wakati wa kuteka maji. Filta iwe ndani ya jaketi. Chupa ibebe ikiwa imepinduliwa, juu maji huanza kuganda kutoka upande wa juu, hivyo mdomo hautaziba.

3. Maji machafu na maji safi yasisalimiane. Kifuko cha kutekea kiwe kimoja, kiweke alama, na kisiguse mdomo wa chupa ya kunywa. Tone moja kutoka mto likiingia kwa chupa safi, umefanya kazi bure. Na osha mikono. Wasee wengi huharisha mlimani juu ya mikono yao wenyewe.

4. Ikianza kuwa polepole, isukume maji safi kwa nyuma. Sawyer huja na bomba la sindano la hiyo kazi. Ile ya kunyonya, ukimaliza kunywa ipulize. Usikamue kifuko ni kama mnapigana, kitapasuka na huko juu hakuna duka.

5. Beba mpango wa pili. Vidonge vya klorini havina uzito na vinaua virusi na bakteria, ingawa kuna mdudu anaitwa Cryptosporidium ambaye klorini haimtishi. Filta inamshika huyo. Kwa hivyo ukiwa chini kwa mito inayopita kwa watu, chuja kwanza, halafu weka klorini, ungoje muda ulioandikwa kwa pakiti. Maji yakiwa baridi sana, ngoja zaidi.

6. Kuchemsha pia kunafanya. Kwa mita 4,200 maji yanachemka kwa kama digrii 86, lakini hiyo bado inaua wadudu. Yaache yachemke dakika tatu. Shida ni gesi tu, itaisha haraka.

Kabla utume doh

Sasa najua unafikiria nini. Kuna msee kwa grupu ya WhatsApp ya wapanda milima anauza filta yake "imetumika mara mbili tu". Ama kuna mtu anakodisha kwa wikendi. Bei ni tamu.

Muulize swali moja: hii kitu ililala wapi? Kama alishapanda nayo mlima, hakuna venye wewe utajua kama iliganda, na zile za kawaida hazina kipimo cha nyumbani cha kukuonyesha mirija imepasuka. Begi kodi. Hema azima. Fimbo za kutembelea azima kwa jirani ukitaka. Filta nunua mpya, na ikishaganda hata usiku mmoja, itupe. Inauma, najua, lakini ukiwa umekaa kwa choo saa nane usiku siku ya kumi baada ya safari, hutakuwa unafikiria ile pesa uliokoa.